Mzee wa Saiti anajibu: hiyo leseni ni ya nani, na ni ya kazi gani?

Barua za safari hii nyingi ni za watu wenye majengo ya biashara, maduka, ofisi, ukumbi, na karibu wote wanauliza kuhusu kontrakta. Nimechagua sita. Nyingine tatu zilikuwa zinauliza kitu kilekile alichouliza huyu wa kwanza, kwahiyo mkiona sijawajibu msinune, jibu lenu limo humuhumu.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Saiti. Nina jengo la maduka, nataka kuvunja kuta mbili za ndani nipate sehemu moja kubwa nipangishe kwa supamaketi ndogo, alafu niongeze vyoo na umeme wa nguvu kwa ajili ya majokofu. Rafiki yangu kaniletea kontrakta, nikamwomba leseni akanitumia picha kwenye WhatsApp, ina muhuri, ina sahihi, kila kitu. Rafiki anasema yatosha, mke wangu anasema haitoshi. Nani yuko sahihi? (Baba Mwenye Jengo)

Marahaba baba. Mkeo yuko sahihi, na mpe salamu zangu.

Picha ya leseni inakuonesha kwamba kuna karatasi. Basi. Mimi niliwahi kuletewa moja nzuri kabisa, nembo imenyooka, muhuri wa bluu umekolea, ila ukiitazama vizuri tarakimu ya mwisho ya mwaka imekaa juu kidogo kuliko wenzake kama jino lililoota vibaya, mtu kakata akaweka, na leseni yenyewe ilishakufa miaka miwili nyuma. Nchi nyingi zina bodi au ofisi inayosajili makandarasi, na siku hizi orodha zao mara nyingi zipo kwenye mtandao bure, unaandika namba ya usajili unaona jina la kampuni, daraja lake, tarehe ya mwisho, na wengine wanaonesha mpaka kama iliwahi kusimamishwa. Andika namba wewe mwenyewe, usibonyeze linki aliyokutumia yeye. Na ukitaka kupiga simu, piga namba iliyoko kwenye orodha ya bodi, sio ile iliyopo kwenye karatasi yake, maana kwenye karatasi yake anaweza kuweka hata namba ya shemeji yake.

Lakini feki sio tatizo kubwa zaidi. Tatizo kubwa ni leseni ya kuazima, na hii imewaliza wengi. Leseni ni halali, kampuni ipo, daraja ni zuri, ila huyu bwana aliyekaa mbele yako anakunywa chai yako hana uhusiano wowote na hiyo kampuni, kaenda kuikodi, mwenye leseni anachukua asilimia yake anakaa kimya nyumbani, na siku ukuta umepinda unampigia mwenye leseni anakwambia mimi saiti hiyo hata sijawahi kuiona. Unamjuaje? Angalia majina. Jina lililo kwenye leseni, jina lililo kwenye mkataba, jina la akaunti ya benki unayoambiwa uweke hela, na jina lililo kwenye bima. Yote lazima yawe jina moja, herufi kwa herufi. Akikwambia "hela weka tu kwenye akaunti yangu binafsi, ya kampuni ina usumbufu", hapo baba kunja mkeka.

Sasa njoo kwenye kazi yako yenyewe. Leseni inakuwa na aina, na sehemu nyingi inakuwa na daraja pia, yani kuna kikomo cha ukubwa wa mradi anaoruhusiwa kuchukua. Mtu mwenye leseni ya majengo si lazima awe na ruhusa ya kugusa umeme, na wewe unataka umeme wa fezi tatu kwa majokofu, hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni yake mwenyewe. Kontrakta wako anaweza kumleta kama sabukontrakta, hakuna ubaya, ila leseni ya huyo sabukontrakta nayo uione na uitafute kwenye orodha vilevile. Mabomba hivyohivyo. Watu wanakagua ya kichwa tu wanasahau mkia.

Na zile kuta mbili. Umesema "kuvunja kuta mbili za ndani" kama vile mtu anasema kuhamisha kabati! Ukuta mmoja unaweza kuwa wa kugawa vyumba tu, ukauvunja leo na jengo lisijue, na mwingine umebeba boriti ya juu. Kwa macho hauwezi kujua na kontrakta mwaminifu naye hatakwambia kwa kuugonga gonga na ngumi, atataka mchoro wa awali au injinia aje apime. Kama alishakwambia "hizo kuta hazina shida" siku ya kwanza akiwa amesimama mlangoni, hilo mimi ningelihesabu dhidi yake kuliko hata hiyo picha ya WhatsApp.

Kitu kingine, muulize kama ameshawahi kufanya jengo la biashara au amezoea nyumba za kuishi. Sio dharau. Jengo linaloingia watu wengi lina mambo yake, milango ya dharura ifunguke kuelekea nje, njia za kutokea zisizibwe na rafu, vyoo vya kutosha, na mtu wa kiti cha magurudumu aweze kuingia. Chukua rampu tu, yani ule mteremko wa kupitishia kiti cha magurudumu, kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yani kama ngazi yako ya mlangoni ina kimo cha sentimita 30 basi rampu inatakiwa iwe na urefu wa mita 3.6. Fundi aliyezoea nyumba atakumwagia kajirampu ka mita moja, mwinuko kama slaidi ya watoto, alafu mkaguzi akija anakwambia vunja, na ukivunja hela inatoka kwako. Muulize swali hilohilo la rampu ukiwa naye, usikilize anajibu nini.

Kibali cha ujenzi kitatoka kwa jina la nani nalo liandikwe kwenye mkataba. Akikushauri muanze kimyakimya kibali kitafuata, muulize kama yuko tayari kuliandika hilo na kusaini.

SWALI: Habari Mzee. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi fulani, tunakarabati ghorofa yetu, siling'i, sakafu, umeme na viyoyozi. Tumepata kotesheni tatu, ya chini kabisa ni karibu nusu ya ile ya juu. Huyo wa chini anataka adivansi asilimia 60, anasema anunue vifaa vyote kabla bei haijapanda. Bosi anampenda. Mimi roho inasita. (Dada wa Vitabu)

Dada, roho yako ina akili.

Kwanza hizo kotesheni tatu haziwezi kulinganishwa, nakwambia hata sijaziona. Kila mmoja kaja kaangalia, kaenda kwake kaandika alichoona yeye. Fungua ukurasa wa siling'i uangalie. Mmoja atakuwa kaandika "siling'i, jumla" na namba moja mbele. Mwingine kaandika mita za mraba, bodi ya jipsam ya milimita 12.5, fremu za chuma, rangi mikono miwili, na kuondoa siling'i ya zamani na kuitupa. Huyu wa kwanza akifika katikati atakwambia kuitoa ile ya zamani haikuwemo, kuitupa haikuwemo, rangi ni mkono mmoja, na jukwaa la kupandia mafundi mkodi nyie, na kila kitu hicho kinakuja na karatasi ya "kazi ya ziada", na ikifika mwisho ile bei ya nusu imempita hata yule wa juu.

Dawa yake ni kuajiri mkadiriaji majenzi, hata kwa siku chache tu, awatengenezee BOQ moja, yani orodha ya kazi zote na vipimo vyake, wote watatu wajaze bei kwenye karatasi hiyohiyo moja. Hapo ndo utaona ukweli. Na ukiona kwenye mstari mmoja wawili wako karibukaribu na mmoja kaweka bei ya ajabu, ya chini sana au ya juu sana, usimcheke, mpigie muulize, mara nyingi kuna kitu hajakielewa au kuna kitu wale wawili hawajakiona. Soma pia sehemu ya mwisho wanayoandika kwa herufi ndogo, vitu ambavyo havimo. Kodi imo? Kufanya kazi usiku imo? Kutoa kifusi kukishusha kutoka ghorofani imo? Kwenye ofisi ya juu kifusi peke yake ni kazi, lifti ya wateja haitakubali.

Asilimia 60 hapana. Kwenye miradi mikubwa adivansi ipo, tena ni kitu cha kawaida, ila huwa ni kama asilimia 10 mpaka 20, na kontrakta anaweka dhamana ya benki ili akipotea benki ikurudishie, alafu hiyo hela inakatwa kidogokidogo kwenye kila malipo yake mpaka iishe. Mwambie huyo wenu alete dhamana ya benki ya hiyo 60 yake uone sura itakavyobadilika.

Hapa kuna kitu nataka bosi wako asome. Watu wanadhani sheria itawalinda kama inavyomlinda mwenye nyumba. Mara nyingi hailindi hivyo. Mfano jimbo la California kule Marekani, kontrakta wa kukarabati nyumba ya kuishi haruhusiwi kuchukua adivansi zaidi ya dola 1,000 au asilimia 10 ya mkataba, ile iliyo ndogo, ila kanuni hiyo imeandikwa kwa ajili ya ukarabati wa nyumba za watu. Kwenye biashara wanakuchukulia kwamba wewe ni mtu mzima una mhasibu na una mwanasheria, kwahiyo ulinzi wako ni ule mlioandika nyie wenyewe kwenye mkataba. Mhasibu ndo wewe, dada.

Kwahiyo andikeni. Malipo yaende kwa kazi iliyofanyika na kupimwa, sio kwa tarehe. Kama shida yake kweli ni bei ya vifaa kupanda, mlipieni vifaa moja kwa moja dukani, risiti iwe na jina la ofisi yenu, na vije vikae kwenu. Akikataa hilo na yeye ndo alisema anataka hela ya vifaa, ushajua hela ilikuwa ya nini (mara nyingi ni ya kumalizia saiti ya mtu mwingine ambaye naye alitoa adivansi, na wewe utamaliziwa na adivansi ya atakayefuata, ni mnyororo huo). Kwenye kila malipo kateni asilimia 5 au 10 mkae nayo, nusu aipate siku ya kukabidhi na nusu baada ya kipindi cha matazamio kwisha, yani ule muda wa kusubiri kuona kama kasoro zitajitokeza azirekebishe. Na kabla ya kila malipo adai kwenu akiwa na karatasi ya kuonesha sabukontrakta wake na maduka yake wamelipwa, kwa sababu kuna nchi ambazo muuza vifaa asipolipwa anaweza kulishikilia jengo kwa madai, hata kama nyie mlishamlipa kontrakta mpaka senti ya mwisho.

Kama ofisini hamna mkataba wa kuanzia, kuna FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wana mikataba ya kiolezo inayotumika dunia nzima. Ule mkubwa wa Kitabu Chekundu umeanza 1957 na kwenu utakuwa kama kuvaa koti la baba, ila kuna Kitabu cha Kijani, cha kazi ndogo na fupi, kilitoka 1999 na kikarekebishwa 2021. Anzieni hapo, mwanasheria wenu apunguze na kuongeza.

SWALI: Mimi ni mpangaji wa fremu. Nataka kuweka sinki, kaunta na kiyoyozi. Nimlete kontrakta wangu au ni kazi ya mwenye jengo? (Mpangaji)

Soma mkataba wako wa pango kabla hujamtafuta mtu yeyote. Nyingi zinataka mwenye jengo akubali kwa maandishi, zinataka kontrakta awe na leseni na bima, na nyingine zinasema ukihama rudisha kama ulivyokuta, yani hiyo sinki utailipia mara mbili, kuiweka na kuitoa. Usiridhike na "poa tu fanya" ya kwenye simu. Na kiyoyozi kile cha nje kinatoboa ukuta ambao si wako, kwahiyo hata kama kaunta angekuachia, tundu la ukutani muulize.

SWALI: Mzee wangu shikamoo. Nina jengo la ghorofa tatu, chini maduka juu ofisi. Maji yanasumbua, nataka kuweka matanki mawili ya lita 10,000 juu ya slabu ya paa. Na kuna nguzo moja inaziba duka la kona nataka itolewe. Kontrakta niliyefanya naye kazi miaka yote amegoma, anasema hagusi bila ripoti ya injinia. Nimepata mwingine, ana leseni pia nimeihakiki kama ulivyofundisha, anasema wiki mbili kazi imeisha. Nimwache yule wa zamani? (Mwenye Paa)

Marahaba. Usimwache. Mnunulie soda.

Tupige hesabu ya kwenye kiganja. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tanki la lita 10,000 likijaa ni tani kumi. Mawili ni tani ishirini, bado matanki yenyewe na stendi. Gari dogo la kawaida lina kama tani moja na robo hivi, kwahiyo wewe unataka kupandisha magari kama kumi na sita juu ya paa, uyapange sehemu moja, alafu ukishamaliza ushuke chini utoe nguzo. Paa linalojengwa kwa ajili ya kuanikia nguo na kusimamisha antena halikuhesabiwa kwa mzigo huo. Inawezekana jengo lako linabeba, sijui, inawezekana injinia atakwambia yaweke juu ya nguzo zile za pembeni na gawanya yawe manne madogo, au yaweke chini na pampu ndogo. Inawezekana hata nguzo ikatoka, zikaingia boriti za chuma na jeki wakati wa kazi. Ila hayo yanatoka kwenye hesabu, na yule kontrakta wako anachokuomba ni hesabu tu.

Nitakupa kisa cha kweli, sio cha kukutisha, ni kwamba kinafanana na barua yako mpaka nimekisoma mara mbili. Mjini Seoul, Korea Kusini, kulikuwa na jengo la maduka makubwa linaitwa Sampoong. Mwanzo lilichorwa liwe la makazi, mwenyewe akabadili akataka duka kubwa, nguzo zikatolewa sehemu za kupitisha ngazi za umeme, baadae ikaongezwa ghorofa ya tano. Kontrakta wa kwanza alikataa hayo mabadiliko. Akaondolewa, kazi ikamaliziwa na kampuni ya ujenzi ya mwenye jengo mwenyewe, ambayo ilikubali. Juu ya paa wakaweka mitambo ya viyoyozi, na kuna siku waliihamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa kuiviringisha juu ya slabu badala ya kuinyanyua na kreni, slabu ikachanika. Tarehe 29 Juni 1995 nyufa zilionekana tangu asubuhi, wakubwa wakakaa kikao, wateja wakaachwa waendelee kununua, na jioni ile jengo likashuka. Watu 502 walikufa. Mwenye jengo alifungwa jela.

Rana Plaza ya Bangladesh, 2013, watu zaidi ya 1,100, nayo ilikuwa na ghorofa zilizoongezwa juu na majenereta mazito ambayo jengo halikupangiwa.

Sasa wewe unasema huyu mpya ana leseni na umeihakiki, safi, nimefurahi. Ila wa zamani naye ana leseni, sivyo? Kwahiyo leseni haijakusaidia kuchagua hapo. Kinachokusaidia ni kwamba mmoja kaiona nguzo na mwingine kaona wiki mbili.

Injinia mtafute wewe, umlipe wewe, asiwe wa huyu wala wa yule. Na ripoti ije na sahihi na namba yake ya usajili, nayo uitafute kwenye orodha, nadhani sasa mmeshazoea.

SWALI: Tunamwaga slabu mwezi ujao. Mi sio injinia, nitajuaje zege ni zuri? (Asiyejua)

Huwezi kujua kwa kuangalia, hata mimi siwezi. Siku ya kumwaga wachukue sampuli kwenye viboksi vya chuma vya sentimita 15 kila upande, wanaviita kyubu, viandikwe tarehe na sehemu zege lilipoenda, alafu vipelekwe maabara isiyo ya kontrakta, vingine vivunjwe siku ya 7 na vingine siku ya 28. Siku ya 7 unatarajia kama theluthi mbili hivi ya nguvu ya siku ya 28. Uwepo siku hiyo ya kumwaga, na uangalie kama kuna mtu anaongeza maji kwenye zege kwa mpira ili lilainike lisambae upesi, kila ndoo ya maji inayoongezwa kienyeji inakula nguvu. Alafu zege linyunyiziwe maji siku zinazofuata, sio liachwe likauke juani kama dagaa.

SWALI: Habari za kazi Mzee. Tuna duka la dawa, tunapanua upande wa nyuma ila hatuwezi kufunga. Kontrakta anasema hakuna shida atafanya usiku. Cha kuangalia ni nini? Na akimaliza nilipe vipi, maana ameshaanza kuulizia malizio. (Mama wa Dawa)

Njema mama. Anza na hili la usiku, kwa sababu usiku wewe haupo.

Jengo lenye vigundua moshi, mafundi wakikata vigae vumbi linapanda kengele inalia, kwahiyo wanavivisha mifuko ya plastiki. Sio vibaya kwa saa za kazi. Ubaya ni asubuhi wanaondoka mifuko imebaki, unafungua duka unauza siku nzima na vigundua moshi vimevaa kofia, nimeikuta hiyo mara nyingi kuliko nyufa. Kila asubuhi kabla ya kufungua inua kichwa uangalie juu. Na siku wakichomelea chuma, mtu mmoja abaki hapo na kizimamoto akiangalia kwa saa nzima baada ya cheche ya mwisho, iandikwe kwenye mkataba, usimuachie mlinzi wa getini ambaye ana mambo yake.

Ukuta wa muda kati ya duka na saiti uwe umezibwa mpaka juu ya siling'i, sio pazia la turubai linalopepea, una dawa humo ndani. Kukata maji au umeme wakujulishe kwa maandishi siku mbili kabla, jokofu la chanjo na insulini halijui neno "dakika tano tu". Na kama jengo ni la zamani, kabla hawajavunja siling'i au mabati ya nyuma yapimwe kama yana asbesto, ilitumika sana kwenye mabati na bodi, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu baada ya miaka mingi, Uingereza ilipiga marufuku aina zote mwaka 1999. Ikipatikana, kuiondoa ni kazi ya mtu mwenye leseni ya asbesto, sio huyu wako, hata akikwambia anavaa barakoa.

Kuhusu malizio, usilipe kwa kusimama mlangoni na kusema pamependeza. Tembea naye na daftari. Fungua mabomba yote kwa pamoja, vuta maji vyoo vyote kwa mara moja usikie kama kuna kinachogugumia, washa taa zote na viyoyozi vyote na majokofu yote uviache saa mbili uone kama kuna breka inaruka. Kama kuna paa bapa jipya, ziba mifereji ulijaze maji sentimita chache likae siku nzima, kesho yake angalia siling'i chini. Kila kasoro andika kwenye daftari, wote msaini, tarehe ya kurekebisha iwepo. Akikabidhi akupe na michoro ya vile alivyojenga kweli, sio vile ilivyochorwa mwanzo, vyeti vya majaribio ya umeme, garantii za mashine, na cheti cha kuruhusiwa kulitumia jengo kutoka mamlaka ya kwenu. Ile asilimia uliyoshikilia, nusu toa hapo, nusu kaa nayo mpaka kipindi cha matazamio kiishe, mara nyingi huwa miezi 12, ili jengo lipitie msimu wa mvua na wa jua vyote viwili. Kama hukushikilia chochote tangu mwanzo, basi usilipe lile la mwisho mpaka daftari liishe.

Na kabla hajapanda gari mwambie akushike mkono akuoneshe valvu kuu ya maji iko wapi na swichi kuu ya umeme ni ipi, wewe na msaidizi wako wote wawili muifunge na kuifungua kwa mikono yenu, yeye amesimama pembeni.